Kabla Hujakaza Nodi, Jua Kinachosogea

"Nodi 214 haina uthabiti, mzunguko wa mhimili wa X." Maneno hubadilika kidogo kutoka programu hadi programu, lakini yeyote anayechambua miundo kwa kompyuta ameshakutana na ujumbe wa namna hii, na aghalabu humkuta akiwa na haraka. Kinachofuata tunakijua sote. Mtu anaifungua nodi 214, ile nukta ya maungio kwenye modeli, anaukaza mzunguko ule usisogee, anabonyeza tena, programu inanyamaza na zile rangi za kupendeza zinajitokeza kwenye skrini. Kazi inaendelea.

Nisieleweke vibaya: kuna wakati hiyo ndiyo dawa halisi, na aliyeitumia hajakosea kitu. Kuna wakati mwingine amejenga egemeo hewani, mahali ambapo kwenye jengo hakutakuwa na chochote cha kushika, na namba zote zinazofuata ni za jengo jingine. Kitendo ni kile kile, kitufe ni kile kile. Kinachotofautisha ni kama mtu alijua, kabla ya kukaza, kitu gani kilikuwa kinasogea na nani hasa alitakiwa kukizuia.

Tuanze na kile programu inachokiona. Programu haijui boriti wala nguzo ni nini. Inaona nodi zilizounganishwa na memba, yaani vipande vilivyonyooka vinavyowakilisha boriti, nguzo na mishazari. Katika modeli ya pande tatu kila nodi ina njia sita za kusogea: tatu za kwenda na tatu za kuzunguka. Kila memba inayofika kwenye nodi huchangia ukakamavu wake, yaani ugumu wake wa kukataa kusogea, kwenye njia hizo, na michango yote hukusanywa kwenye jedwali moja kubwa, matriksi ya ukakamavu. Baada ya hapo hesabu ni ile ya springi tuliyosoma sekondari: msogeo ni kani kugawanya kwa ukakamavu. Ikitokea njia moja haikupata mchango wa memba yoyote, au kukawa na njia kadhaa zinazoweza kwenda pamoja bila kukutana na ukinzani, programu inajikuta inagawanya kwa sifuri. Hapo ndipo inapolalamika.

Tena isidhaniwe kwamba hulalamika kila mara. Kompyuta hubeba takribani tarakimu 15 au 16 kwa kila namba, na kwa kuwa tarakimu za mwisho hukadiriwa, kilichotakiwa kuwa sifuri mara nyingi hutoka kikiwa kijinamba kidogo mno. Programu inagawanya kwa kijinamba hicho bila wasiwasi na kukuletea boriti iliyosogea kilomita 40. Ndiyo maana nikipokea modeli ya mtu, sianzi na momenti, yaani nguvu za kupinda memba, wala na memba zilizopakwa rangi nyekundu. Naanza na msogeo mkubwa kuliko yote chini ya uzito wa jengo lenyewe, halafu jumla ya kani za maegemeo nikiilinganisha na jumla ya mizigo. Modeli iliyosogea kilomita inajieleza yenyewe. Ninayoiogopa ni ile iliyosogea sentimita 30 mahali ambapo nilitarajia milimita 12, kwa sababu hiyo inaweza kumpita mtu aliyechoka, hasa mchoro wa msogeo ukiwa umewekewa kipimo cha kujirekebisha chenyewe.

Zamani, kabla ya skrini, uthabiti ulianza kwa kuhesabu. James Clerk Maxwell, yule yule wa milinganyo ya umeme na sumaku, alieleza mwaka 1864 kwamba ili kenchi bapa isimame, idadi ya memba ukijumlisha na idadi ya kani za maegemeo isipungue mara mbili ya idadi ya nodi. Kenchi ya pande tatu, isipungue mara tatu. Mraba wa memba nne wenye kani tatu za maegemeo unatoa 7, na nodi nne zinadai 8. Unaanguka. Ongeza mshazari mmoja, unasimama.

Lakini hesabu hiyo inadanganyika. Weka miraba miwili ubavu kwa ubavu: nodi sita, memba saba za pembeni na katikati, mishazari miwili, kani tatu za maegemeo. Jumla ni 12, na zinazotakiwa ni 12. Sasa chukua mishazari yote miwili uiweke kwenye mraba mmoja. Hesabu bado ni 12, ila mraba wa pili hauna wa kuuzuia, na utalala ubavu. Mmoja ana walinzi wawili, mwenzake hana hata mmoja. Maegemeo nayo yana ujanja huo huo: rola tatu, yaani maegemeo yanayoteleza, zinazosukuma upande mmoja ni kani tatu kwa hesabu, lakini muundo mzima unateleza kwenda pembeni bila kugusa hata moja. Kuhesabu kunatosha kukuambia muundo ni mbovu. Hakutoshi kukuambia ni mzima, na modeli nyingi zinazoyumba zina memba za kutosha kabisa, isipokuwa hazipo panapohitajika.

Sababu inayoongoza, kwa mbali, ni momenti zilizoachiwa kupita kiasi. Boriti ya chuma iliyofungwa kwenye nguzo kwa bamba na bolti chache za ubavuni haihamishi momenti ya maana, kwa hiyo kwenye modeli tunaiachia momenti kwenye ncha zake, tunaweka bawaba. Ni sahihi. Tatizo liko kwenye namna ya kufanya. Tunachagua boriti zote za ghorofa kwa mkupuo, tunaachia ncha zote mbili, kisha tunachagua nguzo na mishazari nazo tunaziachia vivyo hivyo. Sasa iangalie nodi moja ambapo boriti nne, ncha ya nguzo na mshazari vinakutana. Kila memba imefika pale na bawaba yake. Nodi yenyewe, ile nukta, imebaki ikielea katikati ya bawaba sita, kila memba ikimwachia mwenzake kazi ya kushika.

Jengo halina ugonjwa wowote hapo. Kinachozunguka ni nukta isiyo na ukubwa wala uzito, kitu kinachoishi ndani ya programu tu. Katika kila mzunguko, nodi inatakiwa ibaki na angalau memba moja ambayo haikuachiwa. Mimi kwa kawaida kazi hiyo naipa nguzo inayopita moja kwa moja, kwa sababu hata kiwandani nguzo ndiyo ambayo haikukatwa. Lakini ukiamua kuukaza mzunguko wa nodi badala yake, hujafanya dhambi, na kuna njia ya kujithibitishia. Soma kani ya lile egemeo ulilotengeneza. Ikiwa momenti pale ni sifuri katika kila mchanganyiko wa mizigo, umeshika kitu ambacho hakikuwa kinabeba chochote. Ikiwa si sifuri, jengo lako limeanza kuegemea hewa.

Kipimo hicho ni rahisi kiasi kwamba nashangaa hakitumiki zaidi. Hakihitaji nadharia, ni kufungua jedwali la kani za maegemeo na kutafuta nodi ambazo hazipo kwenye msingi.

Msokoto una tabia hiyo hiyo. Boriti ikiachiwa msokoto ncha zote mbili, hakuna cha kuizuia isijizungushe kwenye mhimili wake yenyewe. Achia upande mmoja tu. Na uangalie mihimili ya memba kabla hujaachia chochote: memba ya wima hupangiwa mihimili yake kwa kanuni tofauti na ya mlalo, na nguzo iliyogeuzwa nyuzi 90 inaweza kuwa imeachiwa momenti ya upande ule uliotaka ibebe. Washa mishale ya mihimili kwenye skrini. Ni fujo kuitazama, najua.

Halafu kuna bawaba ya katikati, na hii ndiyo inayonitia hofu.

Chukua boriti ya mita 8 iliyoachiwa momenti ncha zote mbili, yenye mzigo wa kilonewtoni 20 kwa kila mita. Mtu anakuja baadaye kuongeza boriti ndogo inayoegemea katikati yake, kwa hiyo anaigawa ile kubwa iwe vipande viwili vya mita 4. Kulingana na programu na jinsi ulivyogawa, sifa za memba mama zinaweza kunakiliwa kwenye vipande vyote viwili, zikiwemo momenti zilizoachiwa. Unapata bawaba mwanzoni, bawaba mwishoni, na bawaba nyingine mbili katikati, zote kwenye mstari ulionyooka. Kitu hicho hakisimami popote duniani. Programu inaweza kuanza kwa kulalamikia mzunguko wa nodi ya katikati. Ukiukaza, inalalamikia msogeo wa wima wa nodi hiyo hiyo. Ukiukaza na huo, inanyamaza, nawe umeshasimika nguzo isiyoonekana katikati ya chumba. Boriti iliyotakiwa kubeba momenti ya kilonewtoni-mita 160 sasa inasanifiwa kwa 40, robo yake, kwa sababu momenti hukua kwa mraba wa urefu. Na kwenye jedwali la maegemeo kuna nodi moja, juu hewani, inayopokea kilonewtoni 80 zisizo na pa kwenda. Hapo hatujaweka bado mzigo wa ile boriti ndogo.

Linganisha na ile nodi ya kwanza. Ujumbe ulifanana, dawa ilifanana. Ya kwanza ilikuwa nukta ya programu. Ya pili ilikuwa njia ya mzigo iliyokatika. Anayekaza bila kuuliza hawezi kuzitofautisha, na hata huyo mwenye uzoefu hawezi kwa kusoma ujumbe peke yake.

Kuna aina ya tatu, ambayo programu inakuwa na haki kabisa na anayetakiwa kubadilika ni mchoro. Nguzo yenye bawaba chini, bawaba juu, na maungio ya katikati yaliyowekwa bawaba bila boriti za kuyashika pande zote mbili: hiyo si hitilafu ya modeli, hiyo ni nguzo ambayo kweli ingepinda pale. Kenchi bapa iliyosimamishwa kwenye modeli ya pande tatu, nodi za chini zikiwa hazina chochote cha kuzizuia zisitoke pembeni: swali la programu ni swali la jengo. Upepo unaponyanyua paa jepesi, memba ya chini ya kenchi iliyozoea kuvutwa inaanza kubanwa, na memba inayobanwa bila kushikwa pembeni hupinda. Nimeona watu wakikaza msogeo wa pembeni wa nodi zote za chini ili ujumbe utoke. Nodi hizo zinatakiwa zikazwe, ndiyo, lakini kwa chuma kilichochorwa, chenye bolti zake.

Kuna na hili la milimita. Modeli nyingi siku hizi hazichorwi. Huletwa kutoka faili la michoro, na mchoraji hana sababu ya kujali kama ncha ya boriti na ncha ya nguzo ziko nukta moja au zimeachana milimita 2. Kwenye karatasi zinagusana. Kwenye programu ni nodi mbili, na boriti yako imening'inia peke yake. Au boriti inapita juu ya kichwa cha nguzo bila nodi mahali zinapokutana, kwa hiyo macho yanaona maungio na hesabu haioni. Kila programu ina kifaa cha kuunganisha nodi zilizokaribiana. Kitumie, ila usiweke umbali mkubwa kwa uvivu, maana kitameza memba fupi halali, na kuzitafuta baadaye ni adhabu. Kinachonisaidia zaidi ni kuwasha mwonekano unaozifupisha memba kidogo kila ncha. Mahali penye nodi ya kweli, memba zote huachia pengo. Mahali ambapo boriti imepita tu, inaendelea bila pengo, na jicho linaiona mara moja.

Kuta na slabu zina mtego wao. Programu huzigawa kuwa vipande vidogo viitwavyo elementi. Elementi bapa ya ukuta inayobeba kani za ndani ya bapa lake tu haina ukakamavu wa maana dhidi ya mzunguko kwenye mhimili unaolichoma bapa hilo. Boriti inayokuja kwenye mstari wa ukuta na kuishia kwenye nodi moja ya pembeni, ukidhani umeikaza, kumbe imeshika kitu kinachozunguka nayo. Elementi nene za pande tatu ni zaidi: nodi zake hazina mizunguko kabisa, zinajua kwenda tu. Simamisha nguzo ya kawaida juu ya msingi wa elementi hizo kwa nodi moja, na chini ya nguzo umeweka bawaba ya kuelekea kila upande bila kuambiwa. Suluhisho la zamani ni kuirefusha boriti au nguzo ipenye ndani ya ukuta au msingi kwa elementi moja au mbili, ili momenti igeuke kuwa jozi ya kani kwenye nodi tofauti. Ndivyo inavyotokea kwenye zege lenyewe, kwa hiyo sioni aibu kuitumia.

Tuseme sasa umeangalia hayo yote na ujumbe bado upo. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nodi inayotajwa si lazima iwe mkosaji. Programu hutatua milinganyo mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wake yenyewe, na inakwama pale ambapo ukakamavu uliobaki umefika sifuri. Kama paa zima linaelea, nodi itakayotajwa ni ile iliyokuja mwisho kwenye foleni, na inaweza kuwa kona iliyo mbali kabisa na bolti inayokosekana. Kwa hiyo usiisome namba ya nodi kama anwani ya tatizo. Isome kama mtaa, na hata mtaa wenyewe mara nyingine si huo.

Chombo bora ninachokijua ni kuiomba programu itafute mitetemo ya asili ya muundo, ukishahakikisha memba zina uzito. Uchambuzi wa mizigo ya kawaida unakataa kuendelea ukikutana na sifuri; uchambuzi wa mitetemo, kwenye programu nyingi, unaweza kuendelea, na unakupa umbo la kile kinachosogea. Mtetemo wa kwanza wa jengo zima la kawaida huchukua sekunde moja, mbili, au sehemu ya sekunde. Ukiona mtetemo unaochukua sekunde mia tano, huyo si mtetemo, huyo ndiye mtoro. Chezesha picha yake. Utaona boriti moja ikijizungusha, au kundi la memba likiondoka pamoja kama kitu kimoja, na mara nyingi jibu linakuja kabla picha haijamaliza mzunguko wake. Hata modeli ambayo haikulalamika huwa naipitisha hapa. Ni dakika chache, na imeshaonyesha mambo ambayo jedwali la misogeo lilikuwa limeyaficha.

Pale ambapo hata hilo halisaidii, ninakata. Nafanya nakala ya faili, naondoa bawaba zote, maungio yote yanakuwa yamekazwa. Ikisimama, najua ugonjwa uko kwenye bawaba, nazirudisha kundi kwa kundi: kwanza boriti ndogo, halafu kubwa, halafu mishazari, mpaka ianguke. Isiposimama hata ikiwa imekazwa yote, ugonjwa uko kwenye nodi zisizokutana au kwenye maegemeo, na hakuna haja ya kuendelea kuangalia bawaba. Ni njia ya polepole isiyo na ustadi wowote, na hufika.

Kuna magonjwa mawili yanayovaa nguo za huyu ambaye tumekuwa naye. La kwanza ni la tarakimu. Mtu anataka kiungo kigumu kisichopinda, anaandika ukakamavu mkubwa mara bilioni kadhaa kuliko memba jirani. Ukijumlisha namba kubwa namna hiyo na ndogo, tarakimu nyingi za ile ndogo zinaanguka nje ya zile 15, na ukakamavu wa memba halali unaanza kupotea. Mara mia hadi mara elfu kumi ya ukakamavu wa jirani inatosha kwa karibu kila kazi. Zaidi ya hapo unalipa tarakimu bila kupata kitu.

La pili ni la mizigo. Ukiiomba programu izingatie kwamba jengo lililoinama hubeba mzigo wake likiwa limeinama, au ukiweka fimbo zinazobeba mvuto tu na kulegea zikibanwa, muundo unaweza kuwa mzima bila mzigo na kuanguka ukiwa nao. Ujumbe unafanana sana. Kuwatofautisha, punguza mizigo yote iwe sehemu moja ya kumi. Kilichokosa mshikaji tangu mwanzo kitaendelea kukosa hata kwa mzigo wa manyoya. Kilichokuwa kinapinda kwa uzito kitasimama, na hapo ujue hutafuti bawaba iliyosahaulika. Unatafuta nguzo nyembamba. Fimbo za mvuto tu hulegea hata kwa mzigo mdogo, kwa hiyo hizo zitafute kwenye mchanganyiko wa upepo unaozilegeza zote kwa pamoja.

Nirudi kwenye bawaba, kwa sababu kuna swali ambalo huwa linaulizwa kwa kunong'ona: si tuweke springi dhaifu tu? Maungio halisi si bawaba kamili wala hayajakazwa kamili. Eurocode 3, kanuni za Ulaya za usanifu wa miundo ya chuma, sehemu yake ya 1-8, inakubali hilo waziwazi. Chukua ukakamavu wa boriti, yaani unyumbufu wa chuma mara momenti ya pili ya eneo, gawanya kwa urefu. Maungio yenye ukakamavu wa mzunguko usiozidi nusu ya hiyo huhesabiwa kuwa bawaba. Yenye kufikia mara 8, kwenye fremu ambayo mishazari yake inapunguza msogeo wa pembeni kwa angalau asilimia 80, au mara 25 kwenye fremu nyingine, huhesabiwa kuwa yamekazwa. Katikati ya hapo ni nchi kubwa ya maungio ya nusunusu. Kwa hiyo ukiwa na maungio unayoyajua, bamba lake, unene wake, bolti zake, na ukahesabu ukakamavu wake, springi hiyo ni ukweli kuliko bawaba. Springi iliyowekwa kwa kukisia ili ujumbe uondoke ni kitu kingine. Hiyo nayo ipimwe kama tulivyoipima nodi ya kwanza: soma momenti inayobeba. Ikibeba kitu, basi lazima bolti na bamba zisanifiwe kwa hicho kitu. Hakuna kubeba kwa kujitolea.

Kisa ninachokitaja kila ninapozungumza na wanaoanza kazi hii ni cha ukumbi wa Hartford Civic Center, jimbo la Connecticut, Marekani. Paa lake lilikuwa kenchi ya pande tatu, takribani mita 91 kwa 110, iliyochambuliwa kwa kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa jambo la kujivunia. Alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, baada ya theluji nzito, paa lote lilianguka, saa chache baada ya watazamaji wapatao 5,000 wa mpira wa kikapu kuondoka. Hakuna aliyeumia.

Modeli ya paa lile ilikuwa imekubali. Ilichukulia kwamba memba za juu zinazobanwa zimeshikwa katikati ya urefu wake na mishazari. Kwenye chuma halisi mishazari ilikutana chini ya memba hizo, si kwenye mstari wake, na maungio kati yao yalikuwa laini mno kushika kitu kisipinde. Wachunguzi walitofautiana baadaye kuhusu kipi hasa kilianza kushindwa. Lakini pengo kati ya nodi iliyochorwa na maungio yaliyojengwa lilikuwa pale, na dalili ilishaonekana mapema: wakati wa ujenzi, msogeo wa paa ulipimwa ukawa karibu mara mbili ya ule uliotabiriwa. Wahandisi walipoambiwa, walijibu kwamba tofauti ya namna hiyo ni ya kutarajiwa.

Ninachokiona hapo ni nodi 214 iliyogeuzwa. Hapa kwetu programu inasema haijamwona wa kushika, na huenda yupo. Kule programu iliambiwa yupo, ikaamini, na hakuwepo. Edward Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alipotoa programu yake ya SAP mwaka 1970, ambayo kizazi chake bado kiko kwenye kompyuta zetu kwa jina la SAP2000, alionya mapema kwamba programu haina akili na kwamba jukumu la kuuwakilisha muundo ipasavyo, pamoja na matokeo yake, ni la mhandisi. Zaidi ya nusu karne baadaye programu zina picha nzuri zaidi. Bado zinaamini kila zinachoambiwa kuhusu nani ameshika nini.

Ndiyo maana kwenye taarifa ya hesabu nataka ukurasa mmoja ambao wengi hawauandiki: orodha ya kila nodi iliyokazwa kwa ajili ya programu tu, njia iliyokazwa, sababu yake, na kani kubwa kuliko zote iliyosomwa pale katika michanganyiko yote. Nodi zenye sifuri hazina mjadala. Zenye namba, hata kilonewtoni 3, zinarudi kwa aliyeandika, na karibu nazo anatakiwa achore kitu cha kuzibeba au aeleze kwa nini bawaba ile ilikuwa mahali pasipostahili. Mwanzoni watu hukasirika. Halafu huanza kuzitafuta wenyewe kabla ya kuleta faili, na orodha yenyewe inafupika.